Mawe ya Figo Yanapotembea Kwenye Ukoo: Mwongozo kwa Familia za Dodoma na Jirani

Watu wa Dodoma tukipata jiwe la figo tunalaumu maji kwanza. Birika limejaa ukoko mweupe, maji ya bombani yana chumvi, basi kesi imeisha. Lakini maji hayohayo ya visima vya Mzakwe yananywewa na mtaa mzima, na bado utakuta nyumba moja baba, kaka na mtoto wa shangazi wote wameshagaragara kwa maumivu, huku jirani hajui hata figo zimekaa upande gani. Ule ukoko wa birika ni kaboneti ya kalsiamu. Mawe mengi ya figo ni oksaleti ya kalsiamu, kitu kingine kabisa, na hutengenezwa ndani ya mwili. Kinachotofautisha nyumba na nyumba ni jinsi watu wanavyokula, jinsi wanavyokunywa, na damu waliyorithi.

Mwongozo huu unahusu hiyo damu. Nauandika kama mtu wa ukoo wenye mawe, si daktari, kwa hiyo utakachokipata hapa kipeleke kliniki kikajadiliwe. Msimamo wangu nauweka wazi mapema: usianze na kipimo cha jeni. Sehemu kubwa ya uchunguzi wa urithi wa ugonjwa huu inafanyika kwa daftari, chujio na dumu, vitu ambavyo kila nyumba inavyo.

Kabla ya yote

Kama unasoma huku umejikunja, acha kusoma. Maumivu ya ubavuni yanayoambatana na homa na kutetemeka, mkojo uliokatika kabisa, kutapika kusikokoma, mgonjwa mwenye figo moja, mgonjwa mjamzito: hao wanakwenda hospitali sasa hivi, hata kama ni usiku wa manane. Jiwe lililoziba njia ya mkojo likikutana na maambukizi huua mtu. Na kama ulishawahi kuambiwa figo zako hazifanyi kazi vizuri, usijitibu kwa diklofenaki za duka la dawa. Zinapunguza maumivu na papo hapo zinaweza kuiumiza figo zaidi.

Hatua ya 1: Jua ni urithi wa namna gani unaouzungumzia

Urithi wa mawe uko wa namna mbili, na watu wengi wanaichanganya.

Namna ya kwanza, ambayo ndiyo ya familia nyingi, ni jeni nyingi ndogondogo, kila moja ikiongeza hatari kidogo. Mtu ambaye mzazi au ndugu yake wa tumbo moja ana mawe, hatari yake ni zaidi ya mara mbili ya mtu ambaye kwao hakuna. Tafiti za mapacha zinaonyesha kwamba karibu nusu ya tofauti kati ya mtu na mtu katika kupata mawe inaelezwa na urithi. Mwaka 2009 watafiti waliochunguza watu wa Iceland na Uholanzi walikuta jeni iitwayo CLDN14, inayohusika na namna figo inavyorudisha kalsiamu mwilini, ikihusiana na mawe. Cha kuzingatia ni kwamba aina ya jeni hiyo yenye kuongeza hatari ilikuwa ya kawaida mno: zaidi ya nusu ya watu walikuwa nayo kutoka kwa baba na kwa mama pia. Wengi wao hawajawahi kupata jiwe na hawatalipata.

Jeni za namna hii zinakupa tu mkojo usio na nafasi ya kukosea: kalsiamu imezidi kidogo, au sitrati, ile inayozuia chembe zisishikane, imepungua kidogo. Kinachobaki kinamaliziwa na mazingira, na kwetu mazingira hayana huruma. Mvua zetu ni za msimu mmoja, kuanzia Desemba hivi hadi Aprili. Baada ya hapo ni ukavu na upepo. Dar es Salaam mtu akitoka jasho analiona, shati limelowa. Dodoma jasho linakauka kabla hujalihisi, unajiona mzima, na kumbe toka asubuhi umekwenda haja ndogo mara moja, rangi ya chai ya rangi.

Namna ya pili ni jeni moja iliyoharibika, ambayo yenyewe peke yake inatosha kuleta mawe. Zinajulikana zaidi ya thelathini za namna hiyo. Utafiti uliochapishwa mwaka 2015, uliopima jeni za wagonjwa wa kliniki za mawe, ulikuta chanzo cha jeni moja kwa takribani asilimia 15 yao, na kwa waliopata mawe wakiwa watoto idadi ilikaribia mmoja katika watano. Hawa ndio wa kutafutwa kwa bidii, kwa sababu baadhi yao figo zinakufa kabisa, na baadhi wana dawa mahususi ambayo mgonjwa wa kawaida wa mawe haihitaji.

Hatua ya 2: Andika ukoo

Chukua ukurasa wa daftari uulaze. Jiandike katikati, ndugu zako pembeni yako, juu wazazi pamoja na ndugu zao, juu zaidi babu na bibi, chini watoto. Mwanamume mchoree mraba, mwanamke duara, maana ndivyo wanavyochora kliniki na utamrahisishia daktari kazi. Andika pande zote mbili. Sisi tuna tabia ya kujua ukoo wa baba mpaka mababu wa tano na kwa mama tukaishia kwa bibi. Kuna ugonjwa wa mawe unaopita kwa akina mama wasiougua na kuwaangukia watoto wao wa kiume, na ukiacha upande wa mama hutauona.

Kwenye kuuliza ndiko kwenye kazi. Ukimuuliza mzee wa Bahi au Kongwa nani alikuwa na mawe ya figo, atakwambia hakuna, na hadanganyi. Enzi zao hakukuwa na ultrasaundi ya kuyaonyesha. Mazungumzo yetu nyumbani yalikwenda hivi:

"Shikamoo shangazi."

"Marahaba mwanangu. Hamjambo huko mjini?"

"Hatujambo. Shangazi, kwenye ukoo wetu kuna aliyewahi kuwa na mawe ya figo?"

"Mawe? Hapana, hayo magonjwa ya mjini sisi hatuna."

"Na babu alikuwa anasumbuliwa na nini?"

"Babu yako alikuwa na ngiri. Ikimshika anagaragara chini, hakai, halali, jasho linamtiririka. Akienda haja ndogo anatoa damu. Ikimwachia, kesho yake yuko shambani kama si yeye."

Maelezo yale yanafanana mno na jiwe linaloshuka. Tangu siku hiyo sikuuliza tena jina la ugonjwa, nauliza kilichoonekana. Nani alikuwa anashikwa na maumivu ya ubavu au kinena yanayokuja kwa mawimbi na kumfanya ashindwe kutulia? Nani alikojoa damu, au vitu kama mchanga? Nani alikuwa na UTI isiyoisha, kila mwezi yuko kwenye dozi? Nani alisafishwa damu kwa mashine, au alivimba mwili akafa akiambiwa figo? Nani alipasuliwa, na daktari akamwonyesha nini? Kuna mtoto mwenye matege, au aliyedumaa, au kiziwi? Kuna watoto waliokufa wadogo bila kueleweka? Kuna wenye gauti, dole gumba la mguu linavimba baada ya nyama?

Kwa kila aliyetajwa andika umri aliokuwa nao mara ya kwanza, hata kwa kukadiria ("alikuwa hajaoa", "ndiyo kwanza amemaliza darasa la saba"). Umri ndio habari kubwa kuliko zote. Andika pia kama wazazi wake walikuwa ndugu, yaani ndoa za mabinamu. Hakuna anayelaumiwa hapo. Ni kwamba magonjwa yanayohitaji jeni ileile iwe mbovu mara mbili, ya kwa baba na ya kwa mama, hujitokeza zaidi pale baba na mama walipotoka kwa babu mmoja.

Tahadhari moja. Mkojo wa damu si mawe peke yake. Aliyekulia karibu na bwawa au majaruba ya mpunga anaweza kuwa na kichocho. Mwenye selimundu, na hata yule mwenye vinasaba vyake upande mmoja tu, anaweza kukojoa damu kwa sababu ya madhara ndani ya figo. Weka alama ya kuuliza, usilazimishe jibu.

Ukimaliza, tazama ukurasa wako. Kama wagonjwa wametapakaa kila kizazi, wake kwa waume, na wote walianza utu uzimani, inaelekea ni ile namna ya kwanza ya jeni nyingi. Kama wazazi ni wazima lakini watoto wawili watatu wa tumbo moja wameugua mapema, fikiria ugonjwa huo wa jeni mbovu ya kwa baba na ya kwa mama, ambapo kila mimba ina nafasi moja kati ya nne. Nafasi hiyo haipungui kwa sababu aliyetangulia aliugua. Kila mimba inaanza upya. Na kama wanaougua ni wanaume tu, wote wakiunganishwa na akina mama, mwambie daktari neno hilo hilo: wanaume, kupitia kwa mama.

Hatua ya 3: Kamata jiwe

Hii ndiyo hatua inayorukwa kuliko zote na ndiyo yenye thamani. Jiwe dogo la chini ya milimita 5 mara nyingi hutoka lenyewe, linaanguka chooni, mgonjwa anashukuru Mungu, na jibu limezama shimoni.

Nunua chujio la chai lenye nyavu ndogo, lipya, na liwe la kazi hiyo tu. Siku zote za maumivu, kojoa kwenye kopo kubwa kisha mimina mkojo wote kupitia kwenye chujio. Usitarajie kitu kikubwa. Mara nyingi ni kama punje ya uwele, kahawia au rangi ya kutu, inakwaruza ukiishika. Isuuze kwa maji safi, iache ikauke kabisa, iweke kwenye kichupa kikavu, bandika jina na tarehe. Usiifunge kwenye plasta au selotepu, gundi inachafua kipimo.

Kama jiwe linatolewa kwa upasuaji au kwa kamera, ongea kabla ya kuingia chumba cha upasuaji, si baada: "Daktari, naomba vipande vyangu vipelekwe maabara." Baada ya hapo huwa vimeshatupwa.

Kipimo kizuri cha jiwe hutumia mwanga wa infraredi na kutaja kemikali iliyomo. Uliza hospitali yako wanakifanya au wanakipeleka wapi na bei gani. Lakini hata hadubini ya kawaida ya kupimia mkojo inaweza kutoa jibu la urithi papo hapo, ikiwa mtaalamu wa maabara atakuta fuwele bapa za pembe sita. Hizo ni za sistini, kijenzi kimojawapo cha protini, na mwenye kuzionyesha ana sistinuria, ugonjwa wa kurithi ambao figo zinashindwa kurudisha sistini kwenye damu. Mwingereza William Hyde Wollaston aliielezea sistini mwaka 1810 akichunguza jiwe la kibofu. Karibu karne moja baadaye, mwaka 1908, daktari Archibald Garrod aliuweka ugonjwa huo kati ya mifano yake ya kwanza ya kasoro za kemia ya mwili ambazo mtu huzaliwa nazo. Kwa hiyo kati ya magonjwa yote ya kurithi, huu wa mawe ni miongoni mwa yaliyofahamika mapema kabisa.

Hatua ya 4: Vipimo vya kawaida, na lile dumu

Damu: kreatinini, kalsiamu, asidi ya yuriki, potasiamu na baikaboneti. Kalsiamu ikiwa juu, uliza kuhusu tezi za parathairoidi, tezi ndogo za shingoni zinazoongoza kalsiamu, maana zikizidisha kazi huleta mawe, na ziko familia ambazo shida hiyo inarithiwa. Mkojo wa kawaida: uangaliwe pH (yaani kiwango cha asidi), damu, protini na fuwele. Picha: ultrasaundi inatosha kuanzia. Fahamu tu kwamba mawe ya asidi ya yuriki hayaonekani kwenye eksirei ya kawaida, hivyo "eksirei haina kitu" si sawa na "huna jiwe".

Kisha mkojo wa saa 24. Watu wanauonea aibu, wanaufanya nusu, halafu majibu yanapotosha. Unafanywa hivi. Subiri angalau wiki nne hadi sita tangu jiwe litoke, ili mwili urudi hali yake. Chukua dumu kutoka maabara. Kama limewekewa dawa ndani usiimwage wala usilisuuze. Kama wanakwambia uje na lako, tafuta la lita 5, liwe safi lisilo na sabuni. Siku ya kuanza, tuseme saa kumi na mbili asubuhi, mkojo wa kwanza uumwage na uandike saa. Kuanzia hapo kila tone linaingia kwenye dumu, mchana, usiku, na ule unaotoka wakati wa haja kubwa. Kesho yake saa kumi na mbili asubuhi kojoa tena, na huo uingie. Umemaliza. Dumu likae kivulini penye ubaridi, si uwani kwenye jua la Dodoma.

Chagua siku utakayokuwa nyumbani, lakini iwe siku ya kawaida: kula unavyokula, kunywa unavyokunywa. Kuna wanaojaza tumbo maji siku hiyo ili waonekane wema. Wanapata karatasi nzuri na mawe yaleyale. Safari ya kulipeleka dumu kwa daladala ni ya kwako na busara zako. Mimi nilitumia begi la mgongoni na sikumtazama mtu usoni.

Maabara kamili hupima kiasi cha mkojo, kalsiamu, oksaleti, sitrati, asidi ya yuriki, sodiamu na sistini. Isiyo na vyote hivyo bado inakupa kiasi na sodiamu, na hivyo viwili vinaeleza mengi: unakunywa kiasi gani na chumvi unayokula ni nyingi kiasi gani.

Hatua ya 5: Tafuta alama za jeni moja

Mwenye alama yoyote kati ya hizi asiishie kwa kuambiwa "kunywa maji": jiwe la kwanza kabla ya miaka 18, mawe pande zote mbili au yanayojirudia kila mara, figo yenye chembechembe za kalsiamu ndani ya nyama yake, figo kushindwa kazi kwa kijana mwenye mawe, mtoto mwenye mawe na matege, kudumaa au uziwi, jiwe lililopimwa likawa la sistini au la kemikali isiyo ya kawaida.

Ugonjwa ninaotaka kila mzazi aujue ni haiperoksaluria ya msingi, aina ya kwanza. Jeni ni AGXT, na kasoro iko kwenye ini, si kwenye figo. Ini linakosa kimeng'enya fulani na hivyo linatengeneza oksaleti nyingi mno, figo zinaipokea, zinajaa mawe na mwisho zinaziba. Ni nadra sana, ni kati ya mtu mmoja na watatu kwa kila milioni. Lakini usipotambuliwa mapema, mgonjwa hugundulika akiwa tayari anasafishwa damu. Baadhi yao wanasaidiwa na vitamini B6 ya kawaida, kwa dozi ya daktari. Tangu mwaka 2020 Marekani na Ulaya zimeidhinisha sindano ya lumasirani inayonyamazisha utengenezaji wa oksaleti kwenye ini. Bei yake ni ya kutisha, ila jina lake lijue. Zipo pia aina ya pili, ya jeni GRHPR, na ya tatu, ya HOGA1, ambayo kwa kawaida ni nafuu kuliko ya kwanza.

Sistinuria nimeshaitaja, jeni zake ni SLC3A1 na SLC7A9, na kwa wastani wa dunia humpata mtu mmoja katika 7,000. Asidosi ya mirija ya figo ya kurithi hufanya figo zishindwe kutoa asidi: mtoto anadumaa, mifupa inalegea, mawe yanajaa, na kwa jeni ya ATP6V1B1 masikio nayo yanapotea. Tiba yake ya msingi ni dawa za alkali, yaani za kupunguza asidi, si ghali, na mtoto akianza mapema anakua. Ugonjwa wa Dent ndio ule wa wanaume kupitia kwa mama, na dalili yake ni protini kwenye mkojo. Upungufu wa kimeng'enya cha APRT huleta mawe yasiyoonekana kwenye eksirei na kudhaniwa kuwa ya asidi ya yuriki. Alopurinoli, dawa ileile ya gauti, huuzuia. Wenye kasoro ya CYP24A1 wanashindwa kuvunja vitamini D, kwa hiyo kwao vidonge vya vitamini D ni hatari.

Hatua ya 6: Kipimo cha jeni, kama kweli kinahitajika

Kwa mtu mzima mwenye jiwe moja la oksaleti ya kalsiamu na baba mwenye jiwe moja, sikioni faida yake. Fedha hiyo ni bora alipie kipimo cha jiwe na mkojo wa saa 24. Kwa mtoto, au kwa mwenye alama za hatua ya 5, kipimo kina maana kwa sababu kinaweza kubadilisha matibabu.

Sampuli ni damu au mate. Kabla hujatoa, uliza mambo manne: ni jeni zipi zinapimwa, sampuli inakwenda wapi, nani atanisomea majibu, na bima inalipa kiasi gani. Hilo la nani atakusomea ni zito. Majibu yanaweza kurudi na neno kwamba kuna badiliko lisilojulikana maana yake. Hifadhidata nyingi za jeni duniani zimejengwa zaidi kwa damu ya watu wenye asili ya Ulaya, hivyo kwa Mwafrika badiliko la kawaida kabisa linaweza kuonekana geni. Usikubali mtu akufanyie uamuzi mkubwa kwa jibu la namna hiyo peke yake.

Jambo jingine halisemwi sana. Kipimo cha familia nzima kinaweza kufichua kwamba baba wa kwenye daftari siye baba wa damu. Wakubwa wa nyumba waambiwe hilo kabla, waamue wakijua.

Hatua ya 7: Punguza mzigo wa jeni kila siku

Lengo la mtu mzima mwenye mawe ni kukojoa angalau lita 2.5 kwa siku. Nasema kukojoa, si kunywa, maana Dodoma kati ya kinachoingia na kinachotoka kuna upepo katikati. Pima siku moja kwa chupa tupu ya maji ya lita 1.5, utashangaa. Kunywa na kabla ya kulala. Mwenye sistinuria anahitaji zaidi, kukojoa lita 3 na kuendelea, na anaamka usiku kunywa. Mwenye figo dhaifu au moyo dhaifu asiongeze maji bila daktari.

Chumvi ishuke chini ya gramu 5 kwa siku, yaani kijiko kimoja cha chai kwa vyakula vyote. Sodiamu nyingi huivuta kalsiamu iingie kwenye mkojo. Hapa kwetu inajificha kwenye kachumbari, chipsi, vipande vya nyama choma vinavyochovywa kwenye chumvi, na magadi ya mlenda ambayo nayo ni sodiamu.

Maziwa usiache. Watu wanasikia "jiwe la kalsiamu" wanakata mtindi, na hilo ni kosa kubwa: kalsiamu inayoliwa pamoja na chakula huikamata oksaleti tumboni, ikatoka na choo. Ukila mchicha, wenye oksaleti nyingi, chemsha umwage maji yake na uule na maziwa ya mgando. Karanga kwa kiasi. Vidonge vya vitamini C vya dozi kubwa acha. Mwili huigeuza kuwa oksaleti. Ndimu na limau kwenye maji huongeza sitrati. Mwenye mawe ya asidi ya yuriki, na wale wa ukoo wa gauti, wapunguze nyama, maini, dagaa na pombe, na wapunguze uzito.

Kuhusu dawa za "kuyeyusha mawe" zinazouzwa stendi na minadani: mawe ya asidi ya yuriki huweza kuyeyuka kwa dawa za alkali chini ya daktari. Ya oksaleti ya kalsiamu hayayeyuki kwa dawa yoyote ya kunywa. Muuzaji asiyekuuliza jiwe lako ni la aina gani hajui anachouza.

Hatua ya 8: Waambie ndugu, hasa anayetaka kutoa figo

Watoto na ndugu wa tumbo moja wa mtu mwenye sistinuria au haiperoksaluria wapimwe mkojo hata kama hawaumwi. Kwa ndugu wa mgonjwa wa kawaida inatosha kuwatumia ujumbe kwenye kundi la ukoo: "Wapendwa, kwetu mawe ya figo yapo. Kunyweni maji, punguzeni chumvi, na mtoto yeyote akilia ubavu au akikojoa damu asipewe dawa ya UTI bila kupimwa kwa ultrasaundi."

Palipo na mgonjwa anayeelekea kupandikizwa figo, jambo ni zito zaidi. Hospitali ya Benjamin Mkapa imekuwa ikipandikiza figo hapa Dodoma tangu mwaka 2018, na wanaojitolea figo ni ndugu, ambao wanaweza kuwa na kasoro ileile bila kujua. Na kama figo ziliharibiwa na haiperoksaluria aina ya kwanza, ini la mgonjwa litaendelea kumwaga oksaleti na kuijaza figo mpya aliyopewa. Ndiyo maana mgonjwa wa namna hii huhitaji pia kupandikizwa ini, au dawa ya kuizuia oksaleti. Kwa hiyo kama kwenye historia ya mgonjwa kuna mawe, familia imuulize daktari hivi kabla kaka au dada hajasaini fomu: "Figo zake za kwanza ziliharibiwa na nini hasa, na oksaleti yake imepimwa?"